Mwili wa Riziki

Mfinyanzi alisimama saa nne na robo asubuhi, akiwa amekwisha kuifanya nusu ya sehemu ya nne.

Adela Mloka alidhani umeme umeyumba. Akatazama taa za chumbani. Zilikuwa zinawaka vizuri. Mbele yake, katikati ya studio, palikuwa na jiko dogo la nyumba ya Mirihi: kuta za matofali mekundu, sufuria zimepangwa, kikombe cha chai kinafuka mvuke. Kwenye kiti hakuwepo mtu. Juu ya meza barua ilikuwa imekunjuliwa, inaelea hewani, bila mkono wa kuishika.

"Kuna nini?" Adela aliuliza.

"Nimekosa mwili," Mfinyanzi akajibu kwa sauti yake ya upole. Ulikuwa mtambo tu, lakini pale studio kila mtu aliutaja kama mtu. "Anayesoma barua ni Riziki, na katika sehemu tatu za kwanza hakuonekana. Sijui nimfanye mwanamke au mwanamume."

Adela akacheka. "Mwanamke, bwana. Si mpenzi wake Nahodha?"

"Nipe ushahidi."

Kazi yao ndivyo ilivyokuwa. *Merikebu ya Barafu* ulikuwa mchezo wa Redio Mwangwi ya Morogoro, umerushwa karibu kila wiki kwa miaka thelathini na minane, sehemu elfu moja mia tisa na kumi na mbili. Nahodha Sengo na watu wake walikuwa wakikata barafu kwenye pete za sayari ya Zuhali na kuipeleka Mirihi kwenye miji isiyo na maji. Kila mwisho wa sehemu Nahodha alimwandikia barua Riziki, aliyebaki nyumbani. Nchi nzima ilikuwa inazijua barua zile. Sasa Mwangwi walikuwa wanaugeuza mchezo kuwa sura hai: watu wa mwanga, wa kimo kamili, wanaotoka kwenye kioo na kutembea sebuleni kwako, ukae kwenye kochi lako na Nahodha apite kati yako na kabati la vyombo. Mfinyanzi alisikiliza sauti, akasoma miswada yote, akapima kila neno, kisha akamfinyanga mtu. Hakuruhusiwa kubuni kitu ambacho mwandishi hakukiweka. Adela alikaa pembeni kusahihisha.

"Soma tena miswada," alimwambia.

"Nimeisoma mara saba. Riziki ana vidole virefu. Anakohoa msimu wa vumbi. Hapendi maharage. Kimo chake hakifiki rafu ya juu. Ana miaka arobaini na mmoja mchezo unapoanza. Lakini hakuna anayemwita mama wala baba, kaka wala dada. Hakuna mke, hakuna mume. Nahodha hasemi 'nilipokuoa' wala 'uliponioa'. Anasema 'tulipoanza kuishi'. Dada yake Nahodha anamwita Riziki 'shemeji', neno ambalo wengi humwitia yeyote, hamwiti 'wifi' hata siku moja. Nguo zake zinaitwa nguo tu. Katika sehemu elfu moja mia tisa, mtu anayeandika bila kufikiri angeteleza mara mia kadhaa. Huyu hakuteleza hata mara moja. Mwandishi amekwepa kwa makusudi."

Fundi wa mitambo, Onesmo Kapalata, alikuwa ameingia na kusikia maneno ya mwisho. Akatazama ile barua inayoelea, akapiga mluzi.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo mzee alikuwa anatuzunguka," alisema.

Adela alifumba macho. Alikuwa anajaribu kukumbuka sauti ya Riziki, ndipo akatambua kwamba haikuwahi kuwepo. Barua zote zilisikika kwa sauti ya Nahodha. Yule mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha njano kichwani, ambaye yeye Adela alimwona waziwazi tangu utotoni Kilosa, alikuwa amemtengeneza mwenyewe.

*

Mkuu wa studio, Bi. Sakina Dihenga, alisikiliza habari yote bila kukatiza. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, aliyeanza kazi Mwangwi kama mpokea simu.

"Hata mimi namjua Riziki ni mwanamke," alisema. "Sasa tukimfanya mwanamke halafu mwandishi akatokea kusema siyo, tutasema nini? Na tukimfanya mwanamume..."

Sheria ya zamani iliyokuwa ikiwafunga wanaume wanaopendana ilikuwa imefutwa miaka kumi na miwili iliyopita. Midomo ya watu haikufutwa pamoja nayo.

"Mfinyanzi anaweza kutengeneza wawili," Bi. Sakina akaendelea. "Riziki mwanamke na Riziki mwanamume. Mwenye nyumba anachagua. Anayetaka huyu ampate huyu, anayetaka yule ampate yule. Nani atalalamika?"

Adela aliona ni wazo zuri. Aliona hata limemwondolea mzigo.

"Tatizo ni moja," Bi. Sakina alisema akifungua droo. "Mzee Kobero aliweka sharti kwenye mkataba wake wa kwanza kabisa. Mtu yeyote wa mchezo asipewe sura bila saini yake. Kwa wengine wote alishasaini. Riziki alimruka, nasi hatukugundua. Nenda Mgeta kesho ukamwone. Hapokei simu."

*

Gari la studio lilimpandisha Adela milima ya Uluguru asubuhi iliyofuata. Mgeta kulikuwa na baridi na ukungu mwepesi, na makabichi yamepandwa kwenye matuta mpaka ukingoni mwa miteremko. Mzee Eligius Kobero alikuwa ameketi barazani kwake, ungo wa njegere mapajani, anaambua. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, mwili mkavu, macho bado makali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa Mwangwi. Nimeliona gari." Akamsogezea kigoda na nusu ya njegere. "Kama umekuja kuongea, ambua huku unaongea."

Adela akaambua. Alieleza habari ya Mfinyanzi, ya barua inayoelea, ya Riziki wawili. Alipomaliza, mzee alidondosha ganda tupu chini.

"Miaka thelathini na minane," alisema. "Na mashine ndiyo imeniuliza."

"Hakuna mtu aliyewahi kukuuliza?"

"Wapo. Nitakueleza." Akaweka ungo chini. "Nilipoanza kuandika nilikuwa mfanyakazi mdogo wa Mwangwi, najaza nafasi kati ya taarifa ya habari na bei za mazao. Nikaandika kisa cha mabaharia wawili wa anga, wanaume, wanaopendana. Hakikuwa na jambo la aibu. Mmoja anaumwa, mwenzake anamuuguza. Mhariri aliniita akachana karatasi mbele yangu. Akaniambia, 'Kobero, una mama, mfikirie mama yako.' Nilirudi nyumbani nikalala siku mbili. Siku ya tatu nikaanza upya, ndipo nikagundua kwamba lugha yetu ilikuwa imenifungulia mlango muda wote. Lugha za wenzetu zinakulazimisha useme mapema, huyu wa kike, huyu wa kiume. Sisi tunasema 'alikuja', basi. Nani alikuja? Mtu. Nikamwandika Nahodha anayempenda mtu. Mhariri yuleyule akasoma, akalia machozi, akasema mke wa Nahodha nimemwandika vizuri sana."

Adela alishindwa kujizuia kucheka, na mzee akacheka naye.

"Kwa hiyo Riziki ni mwanamume," Adela alisema taratibu.

"Siku zote."

"Alikuwepo? Ni mtu uliyemjua?"

Mzee alitazama makabichi. "Nilikuwa na mtu. Method. Dereva wa malori ya saruji. Alifariki mwaka wa sita wa mchezo. Msibani nilikaa kwenye mabenchi ya majirani, nikapewa chai kama majirani. Lakini Riziki siye Method. Method alipenda maharage." Akatabasamu. "Riziki ni yule ambaye Nahodha anajua akirudi atamkuta. Sikutaka zaidi ya hapo."

Aliingia ndani, akatoka na kisanduku cha bati. Kilikuwa na vinasa sauti vidogo vya zamani, vile vya kubana kwa vidole, kila kimoja kimebandikwa karatasi yenye mwaka. Akachukua kimoja, akakibonyeza. Sauti ya kijana ikatoka, inasita, nyuma yake mbuzi wanalia.

*Mzee Kobero, habari za kazi. Mimi nasikiliza *Merikebu* nikiwa machungani. Usinitaje jina redioni. Nauliza tu, Riziki ni kama mimi? Kama ndiyo, mfanye Nahodha aseme neno "mwezi" kwenye barua ya wiki ijayo. Nitaelewa. Asante.*

Adela alikuwa ameacha kuambua. "Ukasema?"

"Hapana." Mzee alikifunika kisanduku. "Niliandika 'mwezi', nikafuta. Nikaogopa kwamba aliyenitumia ni mhariri ananitega. Wapo arobaini na tatu humu, mwanangu. Sikumjibu hata mmoja."

"Sasa unaweza kuwajibu. Tumfanye Riziki mwanamume, basi."

"Ungedhani ni rahisi hivyo." Mzee alimtazama usoni. "Yule kijana alisikiliza akiwa na nani siku za mvua? Na baba yake, chumba kimoja. Baba anamsikia mwanamke, mtoto anamsikia mwanamume, wote wanalia, hakuna anayemtazama mwenzake kwa shaka. Niliwajengea chumba watu ndani ya nyumba zao wenyewe. Leo nikimtoa Riziki hadharani, baba atazima. Na mtoto aliyeomba isizimwe, atajulikana. Nisaini nini hapo?"

Adela aliinama akaokota njegere iliyoanguka.

"Hilo la Riziki wawili, mwenye nyumba achague, silielewi vizuri, lakini moyo wangu unalikataa," mzee alisema. "Nipe siku tatu. Na wewe nenda ukamuulize mtu mmoja. Unaye wa kumuuliza?"

Adela alifikiri kidogo. "Ninaye," alisema.

*

Severin, mdogo wake Adela, alikuwa mtaalamu wa mitambo ya umeme wa jua huko Singida. Alikuwa akiishi na Gaspari kwa mwaka wa kumi na moja. Nyumbani Kilosa Gaspari aliitwa "yule mpangaji mwenzake Sevu", na Adela mwenyewe alikuwa akiitumia kauli hiyo, ingawa alijua kwamba si mpangaji. Hakuwahi kusema kwamba anajua. Aliona ndiyo heshima.

Alimpigia simu akiwa bado Mgeta, amesimama kando ya gari, dereva amekwenda kununua viazi.

"Sevu, nina swali la kijinga. Tulipokuwa tunasikiliza *Merikebu* na baba, Riziki ulimsikiaje?"

Upande wa pili mlango ulisikika ukifungwa.

"Dada, kwa nini unauliza?"

"Ni kazi. Nijibu tu."

"Mwanamume," Severin alisema. "Nilikuwa na miaka tisa, nikamsikia mwanamume. Na nilidhani sote tunamsikia hivyo. Nilidhani baba anajua, mama anajua, na hakuna mwenye neno. Unaelewa? Karibu miaka miwili niliishi nikiamini nyumba yetu ni nyumba ya namna hiyo. Halafu siku moja baba akasema, 'Huyu mke wa Nahodha ana subira.' Nikatazama nyuso zenu. Wote mlikuwa mnatikisa vichwa kukubali."

Adela aliegemea gari. "Sikujua, Sevu."

"Ungejuaje? Wewe ulikuwa mtoto pia."

Ndipo akamweleza yote: Mfinyanzi, mzee, Riziki wawili. Severin alisikiliza, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza.

"Huyo anayechagua ni mwenye nyumba. Hilo chaguo lake linakaa wapi?"

"Sijui."

"Kaulize. Na uulize kingine. Ningekuwa na miaka tisa leo, baba angechagua yupi?"

Adela alijua jibu, naye Severin alijua kwamba analijua.

"Kwa hiyo hata zile siku za kuamini nisingezipata," Severin alisema. "Ningekua nikijua kwamba Riziki wa namna yangu hayupo kwetu. Yupo nyumba nyingine, nisiyoijua. Lakini dada, na huyo mzee asikurupuke. Mkimweka wazi, kuna watoto watazimiwa. Mimi ningezimiwa. Ule mchezo wa sauti ndio ulionilea."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Umeniuliza nilivyomsikia, nimekuambia. Mengine ni kazi yako." Kisha, kwa sauti nyingine: "Asante kwa kuuliza. Hujawahi kuniuliza kitu."

*

Onesmo alijibu swali la kwanza la Severin huku anakula muhogo wa kukaanga.

"Lazima likae kwenye kumbukumbu, sasa. Mfinyanzi asipokumbuka nyumba imechagua yupi, Riziki atabadilika mwili kila wiki. Kila nyumba na namba yake, mtaa, jina la mwenye nyumba, na chaguo."

"Nani anaweza kuiona orodha hiyo?"

"Sisi. Wadhamini, wakiomba. Serikali ya mtaa, wakileta barua." Aliacha kutafuna. Alimtazama Adela, halafu akatazama muhogo mkononi. "Alaa," alisema polepole. "Orodha ya nyumba zilizomtaka mwanamume."

"Mtaa kwa mtaa."

"Mimi nilikuwa nawaza nafasi tu ya kuhifadhi," Onesmo alisema. "Sikuwaza hivyo kabisa."

Adela alikwenda moja kwa moja kwa Bi. Sakina akamweleza. Mama yule alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepata njia isiyomuumiza mtu, na sasa alikuwa anaambiwa njia hiyo ina majina ya watu.

"Basi tuache," alisema. "Tumrudishie mzee karatasi zake. *Merikebu* ibaki redioni."

"Lakini si tulipanga kuiondoa redioni sura hai ikianza?"

"Ndiyo kawaida. Hakuna anayeendesha vyote viwili. Watu wasiponunua vioo vya sura hai kwa ajili ya *Merikebu*, watanunua kwa ajili ya nini?"

Hapo ndipo Adela alipoliona jambo lenyewe, wala halikuwa gumu. Alishangaa limekaa wazi namna ile siku zote hizo.

"Mama, tusiiondoe. Sauti ibaki kama ilivyo, kila wiki, saa ileile, bila kubadilishwa neno. Anayemsikia mwanamke aendelee kumsikia. Mtoto mwenye baba kama wangu aendelee kuwa na chumba chake. Na kwenye sura hai, Riziki awe mmoja tu, nchi nzima, hakuna kuchagua, hakuna orodha. Awe yule aliyeandikwa."

"Mwanamume."

"Mwanamume."

"Unajua wangapi watazima?"

"Wengi."

Bi. Sakina aligeukia dirisha. Chini barabarani wanafunzi walikuwa wanavuka kwa mstari. "Mume wangu alipokuwa anaumwa," alisema, "nilikuwa namwekea *Merikebu* hospitalini. Nilikuwa nawaza, mimi ni Riziki, namngoja. Mwanamke mwenzangu yule. Sasa mnaniambia hakuwepo."

"Hajaondoka, mama. Yupo kwenye sauti. Mzee amekuachia wewe umjaze."

"Usinibembeleze, Adela." Lakini alichukua kalamu. "Andika masharti. Kama mzee atasaini hayo, nitakwenda mwenyewe kuzungumza na wadhamini. Wakinifukuza, nitakuja kwako kula."

*

Siku ya tatu Mzee Kobero hakusubiri afuatwe. Alishuka Morogoro mwenyewe, amevaa koti la sufu ambalo huku chini lilimtoa jasho. Alisoma masharti yote mawili mara mbili. Kisha akataka jambo moja zaidi: kabla ya sehemu ya nne, apewe dakika moja ya kuzungumza kwa sauti yake.

"Kuna watu arobaini na tatu nilikaa kimya mbele yao," alisema. "Wengine labda wameshakufa. Nitawajibu."

Akasaini.

Kumfinyanga Riziki kulichukua siku tisa. Mfinyanzi alileta nyuso mia mbili, na mzee alizikataa karibu zote: huyu mzuri mno, huyu kama mwigizaji, huyu anaonekana anajua kwamba anatazamwa. Adela alijifunza kwamba jambo gumu halikuwa kumpata mwanamume. Lilikuwa kumpata mtu aliyengoja. Mwishowe alikuja mtu wa kawaida, mabega membamba, vidole virefu, upara umeanza utosini, fulana iliyofuliwa mara nyingi. Aliketi kwenye kile kiti, akaikamata barua, akaisogeza karibu na taa kwa sababu macho yake hayakuwa mazuri. Alisoma. Alifika mahali Nahodha anaposema kwamba huko Zuhali amekula maharage siku kumi na nne mfululizo, akaguna, akatikisa kichwa.

Mzee Kobero alisogea. Alinyoosha mkono kuelekea bega lile la mwanga, mkono ukapita hewani. Akaurudisha, akauweka mfukoni.

"Karibu, bwana," alimwambia.

Onesmo alijifanya anatafuta bisibisi chini ya meza, akakaa huko muda mrefu.

*

Sehemu tatu za kwanza za sura hai zilirushwa bila neno; ya nne ilirushwa Jumapili alasiri. Katika dakika yake moja Mzee Kobero hakuhubiri. Alijitambulisha, akasema alipelekewa maswali zamani na akaogopa, akaomba radhi, akasema, "Jibu ni ndiyo." Mwishoni alimtaja Method kwa jina lake kamili, na kusema kwamba alikuwa mwenzi wake, na kwamba hakuwahi kulisema hilo mbele ya watu.

Nyumba nne katika kila kumi zilizima kabla sehemu haijaisha. Onesmo alizihesabu kwa jumla tu. Walikuwa wamemwamuru Mfinyanzi asiandike mitaa. Wiki ile studio ililetewa matusi mengi, na mtu mmoja alikuja kusimama getini siku nzima na bango. Mdhamini mmoja alijitoa. Bi. Sakina hakufukuzwa, ila aliitwa kikaoni mara tatu na mara ya tatu alirudi amevimba macho. Mama mmoja wa Ifakara alituma ujumbe kwamba yeye sura hai hataiona tena, ana Riziki wake redioni, lakini mwambieni yule mzee pole kwa msiba wa dereva, maana hakupewa pole wakati wake. Mzee aliomba ujumbe huo asomewe mara ya pili.

Yule kijana wa machungani hakuwahi kujulikana.

Jumapili ile ya sehemu ya nne Adela alikuwa Kilosa kwa mama yake. Severin alikuwa amefika tangu asubuhi. Hakuja peke yake kama kawaida. Alikuja na Gaspari, mtu mnene, mpole, aliyebeba kuku wawili na kutoka jasho kwa wasiwasi. Walikaa sebuleni wanne. Riziki alipotokea na kuketi kati ya kochi na dirisha, mama yao alimkodolea macho.

"Huyu ndiye Riziki?"

"Ndiye, mama," Adela alisema.

Mama alimtazama yule mtu wa mwanga akisoma barua mpaka mwisho, akiifunga, akiiweka ndani ya kitabu. Severin alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili.

"Marehemu baba yenu angekizima," mama alisema. Kisha akanyoosha mkono akakizima mwenyewe kile kioo, na Riziki akatoweka. "Nami naona nitamsikiliza redioni tu. Mimi ni mzee. Nimeshamzoea wangu."

Severin aliinuka. "Sawa, mama. Hakuna neno. Twende, Gaspari, tusije tukachelewa treni."

"Nani amewafukuza?" Mama aligeuka kwenye kiti chake, akamkabili Gaspari kwa mara ya kwanza tangu alipoingia. Alimtazama viatu, akapanda mpaka usoni. "Wewe kijana. Miaka kumi na moja nasikia Gaspari, Gaspari. Gaspari wa nani? Baba yako ni nani? Kwenu ni wapi, na mama yako yuko hai?"

Ni maswali ambayo mtu hamuulizi mpangaji. Gaspari alimtazama Severin, na Severin hakuweza kumsaidia, maana alikuwa ameketi tena ghafla.

"Mimi ni Gaspari Mughenyi," alianza. "Baba ni Yohana Mughenyi, wa Ilongero. Mama yuko hai, anaitwa Salome..."

"Salome wa kwa nani?" mama akauliza, na kumsogezea kiti karibu.